Kufungua kisu cha kukunja kwa mkono mmoja: kasi inatoka kwenye gololi, nguvu ya kifundo haihusiki

Fundi Antena (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kazi yangu ni kupanda. Madishi, antena, paneli za sola, na siku hizi kamera za ulinzi. Nusu ya siku mkono wangu wa kushoto umeshika kitu ambacho nikikiachia kinaanguka, au naanguka mimi. Mkono uliobaki ndio wa kutoa kisu, kukifungua, kukata, kukifunga na kukirudisha mfukoni. Humu naona watu wanaulizana kisu gani kizuri, bei gani, chuma gani. Unakifunguaje ukiwa umening'inia kwenye ngazi, hilo halina uzi. Ukienda YouTube unakuta vijana wanapeperusha visu kama feni, nao wamekaa kwenye sofa.

Nina miaka kumi na nne na visu vya kukunja. Nimejikata vibaya mara mbili, na zote mbili nilikuwa NAKIFUNGA. Kwa hiyo huko nitafika, msiondoke.

Kwanza tufahamu kinachokizuia kisu kufunguka. Visu vingi vya leo vina ulimi wa bati ndani ya mpini. Kisu kikifunguka, ule ulimi unaruka kukaa nyuma ya ubapa ili usikurudie vidoleni. Mtindo huu ulivyo sasa ni kazi ya Mmarekani Michael Walker, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Angalia vizuri ule ulimi, ikibidi tumia tochi ya simu: kuna gololi ndogo kama punje ya ulezi imekaa ubavuni mwake, na ubapa una kitundu cha saizi hiyo hiyo. Kisu kikiwa kimefungwa gololi imezama kitunduni. Ndiyo inayozuia kisikufungukie mfukoni ukikimbilia daladala.

Kufungua haraka ni kuitoa hiyo gololi kitunduni kwa mara moja. Ikishatoka, ubapa hauna tena cha kuushika, unakwenda wenyewe mpaka mwisho. Kidole kinafanya kazi kwenye ile milimita ya kwanza tu. Anayesukuma ubapa kwa gumba kuanzia mwanzo mpaka mwisho anafungua polepole, na kidole chake kinasafiri na makali njia nzima.

Sasa kosa ninaloliona kwa mafundi wengi. Kuna visu ambavyo ulimi hauko ndani, ubavu wenyewe wa mpini umekatwa ukawa ulimi. Aliyeleta mtindo huo ni Chris Reeve, Mwafrika Kusini aliyehamia Marekani, kwenye kisu chake cha Sebenza. Ukishika kisu cha namna hiyo kama unavyoshika nyundo, vidole vyako vinne vinaubana ulimi, ulimi unaikandamiza gololi kitunduni, halafu unalalamika kisu kigumu. Vidole vinne vinafunga, gumba linafungua, unapigana na mkono wako mwenyewe. Na mbaya zaidi klipu, kile kibano cha kuning'iniza kisu mfukoni, huwa imefungwa palepale juu ya ulimi, kwa hiyo vidole vinaenda kukaa hapo vyenyewe.

Jaribu sasa hivi. Shika kisu kwa ncha za vidole, zikae kwenye ukingo wa mpini, zisiguse klipu. Fungua. Nimeshaona mtu aliyetaka kuuza kisu chake kwa elfu tano kwa sababu "kimekufa" akakirudisha mfukoni baada ya hapo.

Tuje kwenye aina.

Chenye kinundu, yaani kile kipingili pembeni ya ubapa. Wengi wanakisukuma kuelekea kwenye ncha, kama mtu anayefungua kibiriti. Gumba linateleza, kisu hakifunguki. Kinundu kinasukumwa kwenda NJE, mbali na mpini. Mliocheza gololi utotoni mnajua namna ya kufyatua: gumba linajikunja nyuma ya kidole cha shahada, linakaa na nguvu yake, halafu linaachiliwa. Ni mwendo uleule. Kidole kikishafyatua kinatoka njiani, hakiufuati ubapa.

Chenye tundu kwenye ubapa. Hiki ni cha kampuni ya Spyderco ya Colorado, Marekani. Sal Glesser alikileta mwaka 1981 kwenye kisu kilichoitwa Worker, na kisu hichohicho ndicho kilikuja na klipu ya kuning'iniza mfukoni, hivyo vitu viwili kwenye kisu kimoja. Tundu halitokezi popote, halikwami kwenye nguo, na gumba lililolowa jasho halitelezi kwa sababu nyama ya kidole inazama ndani. Mimi nikivaa glavu natumia hiki tu. Kuna na njia ya pili: gumba likae upande mmoja wa mpini, kidole cha kati kiingie kwenye tundu kutoka upande wa pili, ufyatue kwenda nje. Kinatoka kwa kasi ya ajabu. Itakuchukua siku mbili tatu kuizoea.

Chenye kipembe, kinachotokeza mgongoni mwa mpini kisu kikiwa kimefungwa. Hapa anafanya kazi kidole cha shahada. Tanguliza presha kidogo kidogo, vuta kurudi nyuma, gololi ikichoka inaachia yote kwa pamoja. Uzuri wake, kisu kikishafunguka kipembe kinageuka kuwa kizuizi mbele ya kidole, mkono hauwezi kuteleza kwenda kwenye makali.

Chenye kifimbo kinachokata mpini kwa upana. Hiki kilibuniwa na McHenry na Williams, kampuni ya Benchmade ikakitoa mwaka 1998, na siku hizi visu vingi vya Kichina vinatumia mfumo huo. Unavuta kifimbo nyuma kwa gumba na kidole kimoja, ubapa unabaki unaning'inia kama mlango usio na komeo. Hapo ndipo kifundo cha mkono kina kazi, na ni kidogo tu, kama unakung'uta maji kidoleni.

Kwenye aina nyingine zote, ukiona unahitaji kurusha mkono mzima ndipo kisu kifunguke, ama umebana ulimi ama bawaba ni chafu. Kurusha kwa nguvu kunagonga ubapa kwenye kile kipini cha kuuzuia mwishoni, mara elfu moja, mpaka kisu kinaanza kucheza. Na juu ya ngazi ukirusha mkono, mwili unafuata.

KUFUNGA. Sikilizeni hapa. Ulimi unausukuma pembeni kwa gumba, na wakati huo gumba limelala kwenye njia ya ubapa. Mtu mwenye haraka anasukuma ulimi, halafu anapiga mgongo wa kisu kwenye paja. Ubapa unashuka, gumba bado lipo. Nilishonwa nyuzi nne, Morogoro, juu ya paa la bati saa saba mchana, na bado nilitakiwa kushuka ngazi na damu inatiririka mpaka kwenye kiwiko.

Nifanyavyo sasa: nasukuma ulimi, kidole cha shahada kinauteremsha ubapa kidogo mpaka ile sehemu butu karibu na bawaba, isiyonolewa, iguse gumba. Hapo nasimama. Ulimi umeshapitwa, hauwezi kurudi. Natoa gumba, nalipeleka kwenye mgongo wa mpini, ndipo namalizia kufunga. Ukihesabu ni sekunde mbili. Kama kisu chako hakina sehemu butu pale, makali yanaanza moja kwa moja kwenye bawaba, basi hicho usikifunge kwa mkono mmoja kamwe.

Wa kuanza mazoezi afunge makali kwa selotepu, tabaka tatu. Na afanyie mezani. Kwenye mapaja hapana.

Naomba kuwasilisha.

---

Kisiki

Mkuu uzi mzuri lakini tuambizane ukweli, hapa si unawafundisha vibaka?

---

Fundi Antena

@Kisiki kibaka anatumia kisu cha jikoni cha elfu mbili, hakikunjwi wala hakina gololi. Anayehitaji mkono mmoja ni yule ambaye mkono wa pili una kazi.

---

Binti Shoto

Kaka Fundi, umeandika kama dunia nzima inatumia mkono wa kulia.

Mimi ni afisa mifugo, na ni shoto tangu kuzaliwa. Mkono wa kulia unamshika mbuzi, wa kushoto unakata kamba au unafungua mfuko wa dawa. Hivi visu vyenu vya ulimi vimetengenezwa ili gumba la kulia liusukume. Nikikishika kushoto, gumba langu liko upande usiokuwa na kitu, inabidi niusukume ulimi kwa kidole cha shahada, na hapo ndipo kidole kinalala kwenye njia ya makali kuliko hata hilo gumba lako. Kinundu chenyewe vingine kiko upande mmoja tu. Na klipu nikiiweka mfuko wa kushoto, kisu kinatoka kimenigeukia.

Kilichoniokoa ni vitu viwili. Kwanza kifimbo, maana kinashikwa pande zote mbili, hakijui kulia wala kushoto. Pili, hilo tundu la kidole cha kati ulilolitaja. Nikikishika kisu cha mtu wa kulia kwa mkono wa kushoto, kidole changu cha kati kinafanya kazi ambayo gumba lenu linafanya. Mashoto wenzangu anzieni hapo, msinunue cha ulimi kwa sababu ni cha bei rahisi.

Ila swali langu: mbuzi akiruka na kisu kiko wazi, unafanyaje?

---

Fundi Antena

Dada shikamoo kwa hiyo kazi. Kweli nimeandika kwa mkono wangu, nimejifunza.

Mbuzi akiruka, fungua vidole, kiache kianguke chini. Usijaribu kukidaka. Hata mimi kikiniponyoka paani nakiacha kiende, na ndiyo maana huwa nawaambia watu wasikae chini ya ngazi.

---

Baharia Mstaafu

Vijana, hamjambo.

Nimesoma nikacheka kwa sababu mnaongelea gololi na beringi, sisi tulifungua visu kwa mkono mmoja kabla ya hayo yote. Nimeishi Durban miaka, na nimekaa melini zaidi ya huko. Nitawaletea viwili.

Cha kwanza ni Okapi. Jina la mnyama wetu wa misitu ya Ituri kule Kongo, mwenye miguu ya pundamilia na shingo ya kujaribu kuwa twiga. Kisu hiki kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni yao ya Afrika. Na makoloni hayo ni pamoja na sisi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 utengenezaji ukahamia Afrika Kusini na uko huko mpaka leo. Mpini wa mti, umepambwa nyota na mwezi wa chuma, na mgongoni kuna pete. Ubapa una meno kwenye shina lake, ukiufungua unalia kri-kri-kri kama baiskeli ukizungusha pedali kurudi nyuma. Kukifunga unavuta pete.

Durban kila mtu alikuwa nacho. Kingston Jamaika nako nilikikuta, wanakiita "rachet", na vijana wa pale walikuwa wanakifungua kwa mkono mmoja kwa kuishika ile pete na kuuacha uzito wa kisu ufanye kazi. Mimi sikufanikiwa kamwe, na nina alama ya kuthibitisha. Kwa kazi ya melini nilikifungua kwa kubana mgongo wa ubapa kwa gumba na kidole cha shahada, nauweka mpini kwenye paja, nasukuma. Mkono mmoja, na paja moja.

Cha pili ni Opinel ya Wafaransa. Joseph Opinel alianza kuitengeneza mwaka 1890 huko Savoie milimani. Haina springi, haina gololi. Ubapa umeshikwa na msuguano wa mti tu, na tangu 1955 ina pete ya kuzungusha shingoni kuufunga usirudi. Hewa ya bahari inavimbisha mti, ubapa unakwama ndani hata kucha haiutoi. Sasa wazee wa Savoie wana dawa yao: unashika mpini, pete ikiwa imefunguliwa, unagonga kitako cha mpini mezani. Tak. Ubapa unaruka nje kidogo, unaudaka mgongoni. Hilo pigo linaitwa kwa jina la watu wa Savoie wenyewe. Nilifundishwa na mpishi wa meli bandarini Marseille, akaniambia usiigonge kwenye meza ya mwenye nyumba ambaye hujamzoea.

Na hiyo Sebenza mliyoitaja, ni neno la Kizulu. Ukusebenza ni kufanya kazi. Durban ulikuwa unalisikia kutwa.

---

Fundi Antena

Shikamoo mzee. Hii ya kugonga mezani nimeijaribu na kisu changu cha shambani cha mpini wa mti, imekubali mara ya pili. Mke wangu ameuliza kuna nini.

---

Jua Kali 254

Boss, huku Nairobi nimeona jamaa akikitoa kisu mfukoni kikitoka kimeshafunguka. Hakugusa kitu. Ni ya springi ama?

---

Fundi Antena

@Jua Kali 254 hapana, hiyo ni ndoano. Ernest Emerson wa Marekani ndiye aliyeipata, alikuwa anatengeneza ubapa wenye kizuizi mgongoni, ikaonekana kile kizuizi kikikwama kwenye upindo wa mfuko kinafungua kisu chenyewe. Kisu kinakaa mfukoni ncha ikiangalia juu, mgongo wa ubapa umeegemea mshono wa nyuma wa mfuko. Ukivuta juu na nyuma kwa pamoja, ndoano inadaka upindo, ubapa unabaki nyuma, mpini unaondoka. Ukivuta juu peke yake kinatoka kimefungwa.

Ndiyo njia ya haraka kuliko zote, na sikushauri. Sababu moja, mfuko unachanika. Nguo ya kazi ya kitambaa chepesi haimalizi mwezi. Sababu ya pili, kisu kinafunguka ukiwa hujakishika vizuri bado, karibu na nyonga yako, na juu ya ngazi mkanda wa usalama unapita hapohapo.

Anayetaka kuonja bila kununua: kama kisu chako kina tundu kwenye ubapa, pitisha zip tai (ile mikanda ya plastiki ya kufungia nyaya), kaza, kichwa chake kikae mgongoni mwa ubapa karibu na mpini. Kata mkia. Tayari una ndoano. Ukichoka unaikata.

---

Hamburg Kwetu

Wakuu mlioko Ulaya, msome hapa kabla hamjabeba.

Hapa Ujerumani kuna kifungu cha 42a kwenye sheria ya silaha, tangu 2008. Kisu kinachofunguka kwa mkono mmoja NA kinachojifunga kikiwa wazi, yaani ubapa unashikiliwa usirudi, huruhusiwi kutembea nacho hadharani bila sababu ya maana. Vyote viwili kwa pamoja ndiyo tatizo. Kina neno lake kabisa kwa Kijerumani, Einhandmesser, kisu cha mkono mmoja. Kazi ni sababu inayokubalika, lakini ukikutwa nacho Jumamosi usiku kituo cha treni huna kazi unayoifanya.

Mimi nafanya kazi ghalani, nakata mikanda ya maboksi siku nzima. Kisu cha mkono mmoja kinalala kabatini kazini. Mfukoni natembea na kile chekundu cha Uswisi cha kufungua kwa kucha, mikono miwili, hakijifungi. Kichekesho ni kwamba hao Waswisi wenyewe jeshi lao tangu kisu cha mwaka 2008 wamewapa askari kisu chenye tundu la kufungua kwa mkono mmoja. Ukivuka mpaka nacho kuja huku ni hadithi nyingine.

---

Peckham Mswahili

Naongezea Uingereza. Bila sababu ya maana unaruhusiwa kubeba cha kukunja tu, makali yasizidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, na KISIJIFUNGE. Chochote chenye ulimi, kifimbo au pete ya kufunga kinahesabiwa sawa na kisu kisichokunjwa. Kutengeneza na kuuza vya springi kulipigwa marufuku tangu 1959. Binamu alikuja kutembea na zawadi ya kisu kizuri chenye ulimi, nikamwambia kikae ndani ya sanduku mpaka arudi Dar.

---

Kisiki

Kwa hiyo kumbe swali langu halikuwa la kijinga.

---

Fundi Antena

@Kisiki halikuwa, nakiri.

Na kuna kisa cha New York kinachohusu hasa hiki tunachozungumza. Walikuwa na sheria ya miaka ya 1950 dhidi ya kisu kinachofunguka kwa uzito wake. Polisi wakawa wanapima kwa kukirusha na kifundo cha mkono: kikifunguka, una kosa. Sasa kisu chochote cha kukunja, mtu mwenye mkono mwepesi akikirusha vya kutosha kitafunguka. Mafundi waliokinunua dukani mchana kweupe wakakamatwa nacho. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2019. Fikiria mtu analala ndani kwa sababu askari ana kifundo chepesi kuliko chake.

Huku kwetu mimi nina utaratibu wangu. Kisu kinakaa kwenye mkoba wa vifaa pamoja na bisibisi na koleo, kinaingia mfukoni nikifika saiti, kinarudi mkobani kabla ya kupanda bodaboda. Uwanja wa ndege kinaenda kwenye begi la chini. Mlinzi wa benki akikikuta ndani ya mkoba wa vifaa anakuelewa. Akikikuta kwenye mfuko wa suruali saa tatu usiku, wewe ndiye unaanza kueleza.

---

Ngalawa ya Tanga

Fundi, mimi ni mvuvi. Kisu changu cha kukunja nilikinunua sokoni elfu nane, kina kinundu. Miezi miwili ya kwanza kilikuwa kinafunguka kwa gumba vizuri tu. Sasa nakifungua kwa meno. Mkono mmoja uko kwenye kamba, wavu unavuta, na mimi nimeuma kisu kama haramia. Nimekipaka grisi ya injini ya boti, kikazidi.

---

Fundi Antena

Kaka acha meno, tafadhali.

Grisi ndiyo iliyokimaliza. Grisi inashika mchanga na magamba, inakuwa kama msasa ndani ya bawaba. Fanya hivi: ndoo ya maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, kitumbukize kikiwa wazi, kifungue na kukifunga humohumo mara hamsini, ukishika mgongo wa ubapa na siyo makali. Mswaki wa zamani upite ndani ya mpini, hasa pale ulimi unapolala. Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kianike juani kikiwa wazi mpaka kikauke kabisa. Halafu tone moja la mafuta ya cherehani kila upande wa bawaba. Moja. Na jingine dogo pale gololi inapopita.

Kama bado kizito, angalia skrubu ya bawaba. Kwenye vingi ni ya kichwa cha nyota. Ilegeze kidogo sana, chini ya robo ya mzunguko, jaribu, ongeza. Kipimo changu: sukuma ulimi pembeni, ubapa uteremke wenyewe polepole, lakini ukiushika na kuutikisa kushoto kulia usicheze. Ukicheza umezidisha.

Kwa baharini kila jioni kisuuze kwa maji ya kisima kabla hakijakauka na chumvi. Kuna visu vilivyotengenezwa kwa ajili ya bahari, chuma chake kinaitwa H1, hakishiki kutu, lakini bei yake unanunua wavu. Hicho cha elfu nane kikitunzwa kinafaa.

---

Binti Shoto

Mrejesho wa ile zip tai. Inafanya kazi. Kisu kimetoka kimefunguka mara tatu mfululizo. Mara ya nne kimetoka na mfuko wa koti la kazi.

---

Baharia Mstaafu

Mwanangu, ndiyo maana sisi tulikifunga kwa kamba shingoni.

---

Ngalawa ya Tanga

Mrejesho. Nimekiosha jana jioni. Maji ya kwanza yametoka meusi, ya pili yametoka na mchanga, na kwa mswaki nimetoa gamba la samaki changu lilikuwa limelala juu ya ulimi kama limepimwa hapo. Kinafunguka kwa gumba. Leo asubuhi nimekifungua kamba ikiwa mkono wa kushoto, mwenzangu kwenye ngalawa amegeuka kuuliza ni kisu kipya.

Ila kimekuwa chepesi mno, nikikitikisa kinajifungua chenyewe mfukoni. Nimelegeza skrubu nyingi, au gololi imeliwa na chumvi?

---

Fundi Antena

Kaza skrubu kwanza, kidogo kidogo. Kikiendelea, kifunge, kiangalie kwa tochi: ulimi ukiwa umelala mbali na ubapa, maana yake umechoka, gololi haifiki kitunduni. Hapo usikiweke mfukoni tena, kiweke kwenye ala au kwenye kopo la ndoano, na kukifungua rudi kwenye mikono miwili.

Piga picha ya ulimi, iweke hapa.